Kupunguza simu wakati kazi yako yote iko kwenye simu: mwongozo kamili wa wiki nne

Mi ni fundi cherehani hapa Moshi, kibanda changu kiko Majengo, na tangu mwaka jana nimewaelekeza watu wengi sana hii kitu, wateja wangu, mafundi wenzangu, vijana wa chuo pale MoCU wanaoniletea suruali kupunguza. Wengi wanarudi na maneno yaleyale, dada nilijaribu, siku ya tatu nikarudi palepale. Nikiwauliza ulifanyaje jibu ni moja tu, usiku nilifuta TikTok na Instagram nikaapa sirudi.

Hapo ndo kosa lilipo. Ukifuta TikTok bado simu ndo saa yako, ndo tochi umeme ukikatika, ndo daftari la madeni, ndo benki, ndo alamu, ndo albamu ya picha. Kila ukitaka kimoja kati ya hivyo lazima uishike, na ukishaishika kwa jambo la maana la dakika moja unakuja kushtuka imepita nusu saa na hulikumbuki hata lile jambo lenyewe. Kwa hiyo hapa hatuanzi na kufuta, tunaanza na kuipunguzia simu kazi, moja moja, mpaka zibaki zile ambazo kweli hamna kitu kingine kinaweza kuzifanya. Inachukua kama wiki nne. Soma mpaka mwisho kwanza ndo uanze.

## Vitu vya kuwa navyo

Nenda sokoni mara moja uvipate vyote, Mbuyuni vipo. Usianze huku unasema vingine nitanunua mbele ya safari, maana hatua ya pili haiwezekani bila hivi.

- Saa ya mezani yenye alamu, ya betri. Yangu niliipata kwa elfu 8. Iwekee alamu palepale kwa muuzaji uisikie inavyolia, kuna zingine sauti ndogo mno hazimwamshi mtu.
- Saa ya mkononi, au ya ukutani kama unashinda sehemu moja.
- Tochi au taa ya kuchaji.
- Kauntabuku ya kwaya 2 na kalamu mbili, moja uifunge kamba kwenye hiyo kauntabuku isitembee.
- Kopo au boksi lenye mfuniko, hata la viatu linafaa.
- Kitochi, yaani simu ndogo ya vitufe, cha laini mbili. Hiki sio lazima ila kikiwepo kazi inakuwa nusu. Changu ni elfu 28.
- Mtu mmoja wa nyumbani au kazini anayejua unafanya nini. Sio wa kukulinda, ni wa kukuuliza jioni umeandika?

## Hatua ya 1: Siku saba za kupima, usibadilishe kitu

Kwenye Android, iwe Tecno, Infinix au Samsung, ingia setingi utafute palipoandikwa Digital Wellbeing. Kwenye iPhone ni Screen Time. Utaona masaa, utaona programu gani inakula muda, na utaona umefungua simu mara ngapi kwa siku.

Watu wanaangalia masaa tu. Mi nakwambia angalia zaidi hiyo idadi ya kufungua, kwa sababu kila kufungua ni kukata kazi uliyokuwa unaifanya. Kuna profesa wa Chuo Kikuu cha California kule Irvine, Gloria Mark, amewafuatilia watu wa maofisini miaka mingi, akakuta mtu akikatizwa kazi inaweza kumchukua kama dakika 23 mpaka airudie kazi ileile. Sasa mtu anayefungua simu kila baada ya dakika kumi, jiulize kichwa chake kinatulia saa ngapi.

Kila jioni andika kwenye kauntabuku vitu vitatu, masaa, mara ulizofungua, na ulikuwa unafuata nini. Hicho cha tatu ndo chenye faida kwa hiyo usikiruke, jitahidi uandike mchana kadri inavyotokea, hata neno moja moja. Ukurasa wangu wa kwanza bado ninao. Jumanne, masaa 5 na dakika 12, mara 118. Pembeni nimeandika saa, vipimo vya mama wa Rau, saa, mshono, saa, meseji ya M-Pesa, tochi, hamna kitu, saa, hamna kitu, hamna kitu.

Masaa matano kwa siku mara siku 365 ni masaa 1,825, gawa kwa 24 unapata siku 76. Nilipiga hiyo hesabu mara mbili nikidhani nimekosea.

Tahadhari: kama wewe ni bodaboda au bajaji unayetumia ramani na programu za abiria, toa huo muda kwenye hesabu, huo ni muda wa kazi. Na usianze kujibana wiki hii, utapata namba za uongo.

Imefanikiwa kama siku ya saba unaweza kusema bila kubahatisha, saa yangu mbaya ni fulani na mlango ninaoingilia ni fulani. Kwangu saa mbaya ilikuwa saa tatu mpaka saa sita usiku, na mlango ulikuwa kuangalia saa.

## Hatua ya 2: Hamisha kazi, moja kila siku

Hii ndo hatua yenyewe, na ndo inayorukwa na kila anayeshindwa, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Chukua ile safu ya tatu ya kauntabuku, uipange. Kilichojirudia zaidi kinahama kwanza. Kwangu ilikuwa kuangalia saa, kwenye zile mara 118 saa peke yake ilizidi ishirini. Nikavaa saa ya mkononi, siku hiyohiyo kufungua kukashuka kabla sijafuta programu hata moja. Siku ya pili alamu ikaenda kwenye saa ya mezani. Siku ya tatu tochi. Siku ya nne madeni ya wateja yakaingia kwenye kauntabuku. Siku ya tano vipimo.

Vipimo niwaeleze vizuri maana ndo vilivyonifikisha hapa. Mwaka juzi nilikuwa nakata gauni la sendofu, kitenge yadi sita, chekundu chenye maua ya njano. Mkasi mkononi, vipimo viko kwenye simu. Nikafungua nisome kiuno, nikakuta mtu kaweka stetasi ya mshono mzuri, nikaingia kuutazama, kutoka pale nikaenda Instagram kumtafuta fundi aliyeushona, nikaangalia na mingine. Niliporudi kwenye vipimo nikasoma vya mteja wa juu yake. Kiuno chake kilikuwa 32, mi nikakata cha 28. Kitenge mkasi ukishapita hakirudi. Nilizunguka maduka manne mjini kutafuta kama kile sikukipata. Mteja alipokuja hakunigombeza hata, alikaa kwenye benchi langu akakishika kile kipande akasema dada, mama ndo alinichagulia hiki, kisha akalia. Nilimlipa hela ya kitenge na ya ushonaji, lakini sijawahi kusahau alivyokikunja.

Sa hivi kila mteja ana ukurasa wake kwenye kauntabuku, jina, tarehe ya kuchukua, vipimo, na kipande cha kitambaa nimekipini juu. Simu haiji kwenye meza ya kukatia.

Wewe usiye fundi tafuta cha kwako. Mwanafunzi, ratiba ya vipindi iandike kwenye karatasi uibandike ukutani badala ya kuipiga picha ubaki nayo kwenye simu. Mama wa nyumbani, orodha ya sokoni iende kwenye kikaratasi. Mwenye duka, mauzo ya siku yaende kwenye daftari. Mtu wa kwaya, chapisha nyimbo. Anayesoma Biblia au Kurani kwenye simu, rudi kwenye kitabu, na hapa nasema kwa upendo kabisa, maana hata ibadani meseji inaingia juu ya mstari unaousoma.

Tahadhari: usihamishe kazi mbili siku moja. Ukizihamisha zote Jumatatu, Jumatano utasahau kumvalisha mtoto sare kwa sababu alamu hukuiweka, utailaumu njia hii na utaiacha.

Na usihamishe namba muhimu bila kuziandika. Namba za mama, mume au mke, mwalimu wa mtoto na jirani ziwepo ukurasa wa kwanza wa kauntabuku. Simu ikizima au ikiibiwa Kiborloni siku ya mnada utanishukuru.

Imefanikiwa kama baada ya wiki kufungua simu kumepungua angalau theluthi, na bado hujafuta programu yoyote.

## Hatua ya 3: Laini ya hela iende kwenye kitochi

Kama huna kitochi ruka, nenda ya nne.

Kisingizio kikubwa cha kushika simu mjini hapa ni hela, mteja ametuma au hajatuma. Lakini huduma za hela hazihitaji simu ya kutachi hata kidogo, M-Pesa ni *150*00#, Airtel Money ni *150*60#, kitochi kinapiga hizo namba vizuri tu na meseji ya kuthibitisha inaingia. Kwa hiyo laini ya hela na ya kupigiwa iweke kwenye kitochi, kiwe mfukoni siku nzima, na simu kubwa ibaki kwenye boksi na laini nyingine ya data.

WhatsApp haifi ukitoa laini. Ikishasajiliwa kwenye simu kubwa itaendelea kufanya kazi hata laini ikiwa kwenye kitochi, ili mradi ile simu ina intaneti na wewe hujaisajili namba hiyo kwenye simu nyingine. Ila laini isiache kutumika, maana siku WhatsApp ikidai kuthibitisha itatuma namba za siri kwa meseji kwenye laini hiyohiyo.

Kitu kidogo kinachowakwamisha watu: laini za sasa zimekatwa ndogo na vitochi vingi tundu lake ni kubwa, laini inacheza ndani, kitochi kinaandika hakuna laini. Mwambie muuzaji akupe kile kiplastiki cha kuvalishia laini, ni hela ndogo sana. Usiikazie kwa karatasi, ikinasa ndani itang'oa pini.

Imefanikiwa kama unatoka asubuhi mpaka mjini na kurudi na hela umepokea na umelipa, simu kubwa ikiwa nyumbani.

## Hatua ya 4: Kelele na magrupu

Kanuni yangu ni hii, mtu akinitafuta nisikie, programu ikinitafuta nisisikie. Ingia setingi za notifikesheni, zima zote, kisha washa kupigiwa, meseji za kawaida na WhatsApp. Facebook kukuambia fulani ameweka picha hakuna aliyekutafuta hapo. TikTok nayo, michezo nayo, na zile programu za kubeti uzizime mapema zaidi. Kama unabeti na huwezi kuacha, hiyo ni shida nyingine kubwa kuliko simu na inataka mtu wa kuongea naye, usiitibu kwa mwongozo huu peke yake.

Sasa magrupu. Mi nina la ukoo, la kikoba, la jumuiya, la wazazi wa darasa la tatu, la mafundi, na hapa katikati nilikuwa na mawili ya michango ya harusi kwa pamoja. Haya ya harusi ukiyaacha na sauti hayakuachi ulale, kila anayeahidi anaandikwa, orodha nzima inatumwa upya, watu sitini wanaandika hongera.

Usitoke kwenye grupu. Huku kwetu ukitoka kwenye grupu la ukoo umetangaza ugomvi, na nimeona mtu aliyetoka la kikoba akaitwa kikao. Linyamazishe tu, WhatsApp inakupa masaa 8, wiki 1 au siku zote, chagua siku zote. Kisha liweke kwenye kumbukumbu, yaani lile faili la juu la magumzo yaliyofichwa, lisikae mbele ya macho. Mweka hazina mpigie mwenyewe, mwambie mama shikamoo, magrupu nayaangalia jioni, kukiwa na la haraka naomba unipigie. Hamna aliyewahi kunikatalia. Na ahadi yako ya mchango pamoja na tarehe iandike kwenye kauntabuku, maana ukishanyamazisha hutaona unakumbushwa na jina lako litasomwa.

Zima pia kupakua picha na video zenyewe, iko kwenye setingi za WhatsApp sehemu ya hifadhi na data. Bando litapona na simu haitajaa.

Kwa wateja au wagonjwa nyumbani, WhatsApp inakuruhusu kumwekea mtu mmoja mmoja mlio wake. Mama yangu yuko Kibosho, ana mlio wake, nikiusikia natambua hata nikiwa kwenye cherehani.

Imefanikiwa kama simu imekaa kimya saa nzima na hakuna kilichoharibika.

## Hatua ya 5: Ifanye simu isivutie

Fupi hii. Ondoa rangi. Kwenye Android iko ndani ya setingi za kuwasaidia wenye shida ya kuona rangi, au kwenye hali ya usingizi ndani ya Digital Wellbeing, kwenye iPhone iko kwenye vichujio vya rangi. Simu inakuwa nyeusi na nyeupe, video zinapoteza ladha. Mi kama fundi lazima nione rangi ya kitenge, kwa hiyo naiondoa rangi kuanzia saa moja jioni tu.

Ukurasa wa mbele bakiza kupiga, meseji, kamera. Vingine vyote viingie ndani. Instagram na TikTok toka kwenye akaunti kila ukimaliza na paswedi usiihifadhi, ule usumbufu wa kuiandika upya unakupa muda wa kujiuliza nimekuja kufanya nini. Kwenye YouTube zima ile ya video kujiendesha yenyewe.

Na bando: acha kununua la siku na la usiku. Bando la siku likibaki kidogo unakaa unalimalizia lisiishe bure, la usiku ndo kabisa, umelipia kukesha. Nunua la wiki au la mwezi na data iwe imezimwa mpaka uihitaji.

## Hatua ya 6: Simu ilale mbali na wewe

Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas kule Austin walipima watu karibu 800 kwa mitihani ya umakini, wengine simu iko mezani imelazwa kifudifudi na kimya, wengine iko mfukoni au kwenye begi, wengine iko chumba kingine. Walioiacha chumba kingine walifanya vizuri kuliko wa mezani, ingawa simu za wote zilikuwa kimya. Waliorudia kipimo hicho baadaye hawakupata wote matokeo yaleyale, lakini mi nimeshaona kwenye meza yangu mwenyewe, ikiwa karibu mkono unaenda.

Kwa hiyo saa tatu usiku simu inaingia kwenye kopo, mfuniko juu, kopo linaenda sebuleni na chaja inabaki hukohuko. Asubuhi inakuamsha saa ya mezani.

Najua wengi tunaishi chumba kimoja cha kupanga, sebule hiyohiyo, jiko hilohilo. Fanya hivi, kopo liwe juu ya kabati upande wa pili wa kitanda, mahali ambapo lazima usimame juu ya stuli kulifikia. Usiliweke chini ya mto ukasema nina nidhamu. Kama mnaelewana na jirani mnaweza kubadilishana, ila simu iwe imefungwa na namba ya siri ya hela asiijue mtu yeyote, hata jirani mwema.

Hofu ya kila mtu ni je kukitokea msiba au mtoto akiugua kijijini? Swali la haki kabisa. Kama una kitochi, kilale na wewe, atakayepiga utamsikia. Kama huna, tumia hali ya usisumbue, weka watu wako wa karibu kwenye orodha ya wanaoruhusiwa, na washa ile ya anayerudia kupiga, mtu akipiga mara mbili ndani ya dakika 15 kwenye Android, au dakika 3 kwenye iPhone, simu inalia hata kama ni namba ngeni. Jaribu kabla hujalala, mwambie mtu apige mara mbili usikie kwa masikio yako.

Siku tatu za kwanza usingizi utachelewa. Utalala unaangalia bati, unasikia mbwa wa mtaa wa pili, mawazo uliyokuwa unayakimbia mwezi mzima yanakuja yote kwa pamoja. Usiamke. Kama kuna wazo linakusumbua liandike kwenye kauntabuku ulirudie kesho. Kwangu usiku wa nne nililala saa nne, nikaamka kabla ya alamu.

Imefanikiwa kama unapata masaa saba ya usingizi kwa wiki nzima na asubuhi umeswaki, umepika chai, umewasalimia wa nyumbani kabla hujashika simu.

## Hatua ya 7: Weka saa za kushika simu, na uzitangaze

Usiseme nitashika kidogokidogo. Kidogokidogo ndo zile mara 118. Chagua vipindi vitatu, mi nina saa nne asubuhi dakika 20, saa saba mchana dakika 20 wakati wa kula, na saa kumi na mbili jioni nusu saa. Kwenye hicho cha jioni ndo naangalia magrupu, mishono, stetasi na vya kufurahisha. Mwaka 2018 Chuo Kikuu cha Pennsylvania huko Marekani walichukua wanafunzi 143, sehemu yao wakapunguziwa Facebook, Instagram na Snapchat iwe dakika 10 kila mmoja kwa siku, na baada ya wiki tatu waliopunguza upweke na huzuni vilishuka. Hawakuacha, walipunguza. Nawaambia hili wale wanaodhani ni lazima uwe kama mtawa.

Mwenye biashara hamia WhatsApp Business, ni bure, ina sehemu ya ujumbe wa kutokuwepo unaojituma wenyewe. Wangu unasema hivi, unaweza kuunakili ubadilishe:

"Habari yako, asante kwa kunitafuta. Sa hivi niko kwenye cherehani. Meseji nasoma saa 4 asubuhi, saa 7 mchana na saa 12 jioni. Kama ni ya haraka nipigie nitapokea. Karibu sana."

Niliogopa nitapoteza wateja. Wiki ya kwanza mmoja alinijibu vibaya, akaenda kwa fundi mwingine, kweli. Lakini waliobaki wakaanza kupiga badala ya kuandika, na maongezi ya dakika mbili kwenye simu yanamaliza kitu ambacho kwa meseji tulikuwa tunakizungusha siku nzima, mikono mirefu au mifupi, dada subiri nikutumie picha, hapana sio hiyo. Na gauni nililokuwa nashona siku mbili nikaanza kulimaliza kwa siku moja na kidogo.

Tahadhari: kipindi kikiisha uko katikati ya video, ifunge katikati. Nimejaribu nimalizie tu hii, hakuna ya mwisho, ukurasa hauna chini.

## Hatua ya 8: Mikono ipewe kitu

Kuanzia wiki ya pili utapata muda na hutajua uufanyie nini, na hapa ndo siku ya tatu ya wale wa kufuta inapowaangusha. Mkono utaingia mfukoni kutafuta simu ambayo haipo, wengine wanahisi kabisa imetetemeka. Ni kawaida, inapungua.

Andaa kabla. Kwenye hiace ya kwenda Himo au Boma kaa dirishani na uongee na jirani, au nyamaza uangalie njia. Kwenye foleni ya hospitali beba kitu cha kusoma au kusuka. Asubuhi mapema kabla mawingu hayajapanda, mlima Kilimanjaro uko wazi, theluji ya Kibo unaiona mpaka mikunjo yake, na nilikuwa nimepita miezi naona mlima kwenye stetasi za watalii wakati uko nyuma ya kibanda changu. Sasa nakunywa chai nikiwa nimeugeukia.

Jioni rudisha vitu vyenye watu. Bao, kwaya, mazoezi ya kutembea mpaka Shanty Town na kurudi, kumsikiliza mtoto akisoma. Mwanangu wiki ya tatu aliniambia mama sikuhizi unaniangalia nikiongea. Sikuwa najua kwamba alikuwa anaona.

## Hatua ya 9: Ukiteleza, na wakati ambapo shida sio simu

Utateleza. Kutakuwa na msiba, uchaguzi, mpira wa Simba na Yanga, utajikuta umekaa masaa manne. Usiseme basi imeshindikana. Kesho yake andika namba kama kawaida, andika na mlango ulioingilia, rudi kwenye vipindi vyako. Siku moja mbaya haiharibu kitu, ila siku moja usiyoiandika inazaa ya pili.

Lakini kama umepunguza simu na bado kwa wiki mbili mfululizo moyo ni mzito, hulali au unalala kupita kiasi, chakula hakipiti, vitu ulivyovipenda havina maana, usiendelee kuhangaika na setingi. Hiyo ni hali inayotibika na ina wataalamu, nenda kituo cha afya kilicho karibu au hospitali kama Mawenzi au KCMC, waeleze kama unavyoeleza maumivu ya mgongo. Na ukiwa na mawazo ya kujidhuru usisubiri wiki mbili, usisubiri hata kesho, mwambie mtu aliye karibu leo na uende naye.

## Hatua ya 10: Pima tena siku ya 28

Fungua Digital Wellbeing, andika ukurasa mpya pembeni ya ule wa kwanza. Wangu wa siku ya 28 ulisema saa 1 na dakika 50, mara 37.

Kama masaa yameshuka lakini kufungua bado kuko juu, usijilaumu na usianze kufuta programu, kuna kazi bado imebaki kwenye simu hujaiona. Rudi safu ya tatu uisome tena polepole. Mi nilikuwa nakwama kwenye 37 nikashangaa, mpaka nikasoma nilichoandika mwenyewe, hesabu, hesabu, hesabu ya yadi, hesabu ya chenji. Kesho yake nilinunua kikokotoo cha elfu 6, nimekifunga kamba kwenye mguu wa cherehani.